Grinda: Chuma hudhuru jicho, jiwe hudhuru mapafu

Huenda wewe hujawahi kushika grinda mkononi. Lakini ukirekebisha lango au kuwekewa vigae bafuni, mashine hiyo hunguruma nyumbani kwako, na watoto husimama karibu wakitazama cheche. Kwa hivyo makala ya leo si ya fundi peke yake.

Wengi hudhani hatari ya grinda ni moja tu, kukatwa. Sisi madaktari tunaona mengine. Kiungo kinachoumia hutegemea sana kile kinachokatwa.

Tuanze na chuma. Cheche unazoziona ni vipande vidogo vya chuma vyenye moto. Kimoja kikitua kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, hujichoma humo na kukwama. Mgonjwa huhisi kana kwamba ana mchanga jichoni, machozi humtoka na mwanga humuumiza. Baada ya saa chache tu kipande huanza kushika kutu, na kutu huacha pete ya rangi ya kahawia ambayo daktari hulazimika kuikwangua.

Usikubali mwenzako akutoe kipande hicho kwa njiti ya kiberiti, pembe ya leso au ulimi. Maziwa ya mama nayo si dawa ya jicho, hata kama jirani ataapa. Osha kwa maji safi yanayotiririka bila kusugua. Kisipotoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kibaya zaidi ni kipande kinachopenya hadi ndani. Ajabu ni kwamba pengine hakiumi sana. Ukianza kuona ukungu, au mboni ikibadilika umbo, usilioshe jicho wala kulibonyeza. Lifunike kwa kikombe safi cha plastiki kisichogusa jicho, kisha ukimbilie kwa daktari wa macho. Mwambie waziwazi kwamba ulikuwa ukikata chuma, ili apige picha. Chuma kinachobaki ndani huweza kulipofusha jicho polepole, miezi au hata miaka baadaye.

Miwani ya jua, ambayo mafundi wengi huitegemea, iko wazi pembeni na si kinga. Vaa miwani ya kazi inayofunika pande zote, na juu yake ngao ya uso. Miwani hiyo haigharimu hata sehemu ndogo ya matibabu ya jicho. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga.

Sasa njoo kwenye mawe, vigae na saruji. Hapa hakuna cheche za kutisha, kwa hivyo fundi hulegea. Huinuka amepakaa vumbi jeupe mpaka kope na watu wakamcheka. Vumbi hilo lina silika. Chembe zinazodhuru ni zile ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu na kuyaacha na makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna tiba, na mwenye nao hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kikohozi na kuhema huja baada ya miaka mingi, wakati mtu ameshasahau vigae alivyokata.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo. Tafuta barakoa ya N95, na ukumbuke kwamba ndevu huiachia mianya. Maji hupunguza vumbi sana, lakini usimwagie maji grinda ya kawaida ya umeme. Utapigwa na stima. Kwa vigae vya kawaida, kile kikata vigae cha mkono kinachochora na kuvunja hakitoi vumbi lolote la kutajika. Ikibidi kutumia grinda, weka diski ya almasi, katia nje, upepo ukitoka nyuma yako. Ukimaliza, lowesha vumbi kabla ya kufagia.

Mbao? Usikate kwa grinda. Diski ya meno hung'ang'ania ndani ya mbao na mashine ikaruka kumrudia mwenyewe, kwenye paja, shingo au uso. Msumeno upo kwa kazi hiyo.

Pipa lililowahi kuwekwa petroli, nalo usiliguse hata kama limekaa tupu kwa muda mrefu. Mvuke uliobaki hulipuka kwa cheche moja.

Kuna mtindo mwingine unaonitia hofu: kung'oa kifuniko cha kinga ili diski ya inchi 9 iingie kwenye grinda ndogo. Grinda ya inchi nne na nusu huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, ilhali diski ya inchi 9 kwa kawaida huruhusiwa takriban mara 6,600. Ikipasuka, vipande hutoka kama risasi. Soma namba iliyoandikwa kwenye diski, acha kifuniko mahali pake, shika mashine kwa mikono miwili na usimame kando ya mstari wa diski. Chomoa waya kwenye umeme kabla ya kubadilisha diski. Ziba masikio pia, maana kelele hiyo huharibu usikivu.

Mtu akikatwa, bana jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, inua kiungo na umpeleke hospitali. Huko ataulizwa lini alidungwa sindano ya pepopunda. Kidole kikikatika kabisa, usikitupe wala kukiweka moja kwa moja kwenye barafu. Kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge, kisha mfuko huo uuweke kwenye maji yenye barafu na usafiri pamoja na mgonjwa.