Kufundisha Upangaji wa Diski katika Seva ya Barua Pepe

Somo la kuunganisha vipande vya mafaili katika diski kuu mara nyingi hufundishwa kwa amri tu: bonyeza hapa, ngoja, kazi imekwisha. Kwa kompyuta ya mtu mmoja madhara ya ufundishaji huo ni machache. Lakini mwanachuo atakayekabidhiwa seva ya barua pepe ameshika barua za watu wengi, na hapana budi aelewe anachokigusa kabla hajakigusa.

Sisi huanza na karatasi. Kurasa 24 za daftari kuukuu hutawanywa ovyo madawatini. Mwanachuo mmoja huzikusanya kwa kufuata namba, wenzake wakihesabu hatua zake. Mara ya pili kurasa zote huwa katika dawati moja. Kisha huja hesabu: diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, yaani kila mzunguko huchukua zaidi kidogo ya sehemu 8 za elfu za sekunde. Hapo darasa hutambua lenyewe kwa nini diski za SSD, zisizo na sahani wala kichwa cha kusomea, hazihitaji kazi hii. Kuziandikaandika bure huzichakaza.

Sehemu ngumu ni kutofautisha mtawanyiko wa aina mbili. Faili laweza kutawanyika juu ya diski. Tena, ndani ya hifadhidata ya barua, barua zilizofutwa huacha nafasi tupu, na faili lisipungue ukubwa. Programu ya kupanga diski hupanga kabati, haifungui daftari lililomo. Katika Microsoft Exchange, seva yenyewe hupanga mambo ya ndani hifadhidata ikiwa wazi, na nafasi tupu hujazwa na barua mpya. Kwa hiyo ukubwa wa faili peke yake si ugonjwa. Kulipunguza ni kazi ya amri ya eseutil /d, ambayo huunda faili jipya na kunakili humo yaliyo hai. Wakati huo hifadhidata hufungwa, na hakuna apataye barua.

Zoezi letu ni hili: hifadhidata ina GB 80, na amri hiyo yataka nafasi ya asilimia 110 ya ukubwa huo, yaani GB 88. Diskini zimebaki GB 70. Ufanyeje? Daima hutokea mwanachuo wa kupendekeza kufuta mafaili ya kumbukumbu za miamala, maana ni mengi na yaonekana kama takataka. Mwalimu asimkatize, amwulize umeme ukikatika hifadhidata itajirekebisha kwa kutumia nini. Jibu tulipendalo ni kuunda hifadhidata mpya katika diski nyingine na kuhamishia humo masanduku ya barua, kisha kuiondoa ile kuukuu.

Ikibidi kutumia amri, nakala ya akiba itangulie, nayo ijaribiwe kwa kurejeshwa katika mashine nyingine. Wanachuo wengi huishia hapo. Wafahamishwe kwamba kumbukumbu za zamani haziwezi kutumika juu ya faili jipya. Kwa hiyo nakala kamili nyingine hutwaliwa mara hifadhidata inapofunguliwa, usiku ule ule.