SOMO LA ROBO HII: KUKOPA BILA RIBA ILI KUWEKA BENKI



Katika semina ya viongozi wa vikundi, mweka hazina mmoja alisimama akauliza: "Halmashauri inatukopesha bila riba. Benki inampa riba anayeweka. Kwa nini tusichukue mkopo, tukauweka benki, mwaka ukiisha turudishe fedha za watu na sisi tubaki na faida?" Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Swali lake linastahili jibu, maana wapo waliojaribu jambo hilo kabla yake.

Nchini Uingereza, katika miaka ya 2000, kampuni za kadi za mkopo zilikuwa zikigombania wateja kwa kuwapa miezi kadhaa bila riba. Wajanja walichukua fedha hizo wakaziweka kwenye akaunti za akiba. Mwanzoni kadi nyingi hazikutoza ada ya kuhamisha deni, na faida ilikuwepo kweli. Baadaye ada ikaingia. Tufanye hesabu ya mtu aliyechukua pauni 5,000. Ada ya asilimia 3 ni pauni 150. Akiba kwa asilimia 5 inazaa pauni 250 kwa mwaka, na wakati ule kodi ya asilimia 20 ilikatwa hapo hapo, yaani pauni 50. Zinabaki pauni 50, nazo hazitimii, kwa sababu kila mwezi lazima apunguze deni kidogo, na akiba inapungua nalo.

Akichelewa rejesho moja tu, angeweza kunyang'anywa ile nafuu ya riba na kuanza kutozwa riba ya kawaida ya kadi. Tena deni kubwa kwenye kadi linaonekana katika kumbukumbu zake za mikopo. Siku anapoomba mkopo wa nyumba, mkopeshaji huona deni lile, lakini fedha zilizolala kwenye akiba hazimo katika kumbukumbu hizo.

Riba ya akiba nayo haikukaa mahali pamoja. Riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 5.75 Julai 2007. Machi 2009 ilikuwa asilimia 0.5. Kati ya hapo, Oktoba 2008, benki ya Landsbanki ya Iceland ilianguka, na wateja wa akaunti yake ya Icesave huko Uingereza wakajikuta hawawezi kutoa fedha. Serikali iliwafidia baadaye, lakini aliyekuwa ameweka fedha za mkopo aliendelea kudaiwa marejesho wakati anasubiri.

Turudi kwa mweka hazina wetu. Nchini Tanzania, sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tuseme kikundi kimepata shilingi 10,000,000 na kuziweka kwenye akaunti ya muda maalumu kwa asilimia 8. Riba ni 800,000. Kodi ya zuio ya asilimia 10 inaondoa 80,000. Zinabaki 720,000. Ni fedha nzuri, sitaki kudanganya.

Lakini marejesho hayangoji mwaka uishe. Yakigawanywa kwa miezi 12 ni zaidi ya shilingi 833,000 kila mwezi, na fedha zimefungwa. Zikitolewa kabla ya muda, riba yote au sehemu yake inapotea. Basi wanachama watachanga kutoka mifukoni, na asiyeweza atabebwa na wenzake. Halafu bima ya amana inalinda hadi shilingi 7,500,000 kwa mwenye akaunti katika benki moja. Kabla ya hapo ilikuwa 1,500,000, na wateja wa benki tano zilizofungwa Januari 2018, zikiwemo benki za wananchi za Njombe na Meru, wanajua maana ya kiwango hicho.

Kuna jambo ambalo hesabu haionyeshi. Kikundi kiliomba fedha kwa andiko la mradi, labda la kuku au cherehani. Ofisa maendeleo ya jamii atakuja kuona mradi, naye hawezi kuonyeshwa risiti ya benki.

Tulipomaliza, mweka hazina aliuliza kama akiba ya wanachama wenyewe, ile ya michango yao ya kila wiki, inaweza kuwekwa kwenye akaunti hiyo. Hiyo tulimwambia aipeleke kesho yake asubuhi.