SOMO LA LEO: MJUE MNYAMA KABLA YA KUMPA MZIGO



Sisi wa Katoro hatufugi ngamia. Tuna ng'ombe, mbuzi na maksai wa plau na mkokoteni. Lakini mtu anaweza kujifunza jambo la nyumbani kwake kwa wafugaji wa mbali. Leo tutajifunza kwa Mabedui, wafugaji wa ngamia wa Arabuni.

Mwanafunzi mtu mzima

Mwaka 1946 Mwingereza mmoja, Wilfred Thesiger, alifika Salalah, kusini ya Omani. Alitaka kuvuka Rub' al Khali, jangwa kubwa la mchanga. Umri wake ulikuwa miaka 36. Alikuwa amesoma chuo kikuu, na ngamia alikwisha kuwapanda huko Sudan. Hata hivyo, jangwani alikuwa mwanafunzi. Walimu wake walikuwa Mabedui wa kabila la Rashid, ambao hawakupata kwenda shule. Mmoja wao, Salim bin Kabina, alikuwa kijana wa miaka kama 16 tu.

Thesiger hakuona haya. Alivaa kama wao, akatembea pekupeku kama wao, akafuata walivyofanya. Walipita karibu majuma mawili bila kukuta kisima. Ngamia angekufa, na watu wangekufa.

Mabedui walifanyaje?

Kwanza, walitazama. Bedui akiona nyayo alijua mengi. Ngamia aliyekulia mchangani, ngozi ya nyayo zake imechanika-chanika. Aliyekulia kwenye changarawe, nyayo zake ni laini kama zimepigwa msasa. Kwa kutazama kinyesi alijua ngamia amekula wapi na amekunywa maji lini.

Pili, walishuka. Mara nyingi walitembea kwa miguu ili ngamia apumzike. Penye kilima kikali cha mchanga walimwongoza polepole, kwa sauti na kwa subira.

Tatu, walimtanguliza mnyama. Wakikuta malisho mazuri walisimama, hata kama wao wenyewe wana njaa.

Je, tulete ngamia Katoro?

Hapana. Ngamia huuawa upesi na ugonjwa wa ndorobo, na misitu ya upande wa Biharamulo ina mbung'o tangu zamani. Tena nyayo zake pana huteleza kwenye tope. Ngamia anafaa nchi kavu. Huko kaskazini ya Kenya, Wasamburu, ambao ni watu wa ng'ombe, walijifunza kufuga ngamia kwa jirani zao Warendille. Walifanya vyema, maana nchi yao ni kavu.

Sisi tuchukue ujuzi, ngamia tumwache kwao.

Tufanye nini na maksai wetu?

1. Kila asubuhi mtazame kabla ya kumfunga. Pitisha mkono shingoni. Ukikuta uvimbe au kidonda cha nira, siku hiyo asifanye kazi.

2. Maksai mchanga mfunge pamoja na mzee aliyezoea. Mpe nira tupu kwanza, halafu gogo jepesi, mwisho plau. Usiruke hatua.

3. Lima asubuhi na mapema. Jua likipanda, mfungue anywe na ale.

4. Penye mlima, shuka mkokotenini. Ukikwama, punguza mzigo. Fimbo haipunguzi uzito wa mzigo.

5. Mwite kwa jina lake, kila siku kwa sauti ile ile. Mnyama huijua sauti ya mtu wake.

Wako watu wanaosema, "Ng'ombe ni wangu, nitampiga nipendavyo." Ndugu yangu, huyo maksai ndiye jembe lako. Akiwa na kidonda mvua za kwanza zinapoanguka, shamba litabaki pori, na watoto watalala na njaa. Kiboko unampiga yeye, lakini maumivu yanafika mpaka chunguni.

Maneno magumu

Maksai: ng'ombe dume aliyehasiwa.
Nira: mti unaowekwa shingoni mwa maksai wawili.
Mbung'o: nzi anayeambukiza ugonjwa wa ndorobo.

Maswali

1. Kwa nini Thesiger alikubali kufundishwa na kijana?
2. Kwa nini ngamia hafai huku kwetu?
3. Je, leo asubuhi umeitazama shingo ya maksai wako? Umekuta nini?

Wasomeeni majirani somo hili, kisha mjibu maswali pamoja.