Maria Mkingiwa na Heshima ya Ndoa Yenu



Kila tarehe 8 Desemba Kanisa huadhimisha Sherehe ya Bikira Maria Kukingiwa Dhambi ya Asili. Lakini ukiuliza baada ya Misa ni nani aliyetungwa mimba katika fumbo hilo, wengi watajibu: Yesu. Tena wapo waume na wake wanaorudi nyumbani siku hiyo na wazo linaloumiza zaidi. Hudhani Maria alikuwa safi kwa sababu mwanzo wake haukuguswa na mambo ya ndoa, na kwamba wao, kwa kuwa hulala pamoja, ni wachafu mbele ya Mungu. Hayo si mafundisho ya Kanisa. Tuyachambue polepole.

Ni mimba ya nani?

Sherehe hii yahusu mwanzo wa maisha ya Maria mwenyewe, tumboni mwa mama yake. Mapokeo huwaita wazazi wake Yoakimu na Anna. Hesabuni miezi: kutoka 8 Desemba hadi 8 Septemba, sikukuu ya kuzaliwa kwake, ni miezi tisa. Kutungwa kwa Yesu huadhimishwa tarehe 25 Machi, miezi tisa kabla ya Noeli. Linalowachanganya watu ni kwamba Injili ya tarehe 8 Desemba ni ile ya malaika Gabrieli kumpasha Maria habari (Lk 1:26-38). Husomwa kwa sababu malaika alimsalimu kama mtu aliyejaa neema.

Je, Anna alipata mimba bila mume?

Hapana. Kanisa lamkiri Yesu peke yake kuwa alitungwa bila baba wa duniani. Maria alitungwa kama ninyi na watoto wenu, kwa baba na mama kuungana katika ndoa. Papa Pio IX alipotangaza fundisho hili tarehe 8 Desemba 1854, alisema kwamba tangu nukta ya kwanza ya kutungwa kwake, Mungu alimkinga Maria na kila doa la dhambi ya asili, kwa ajili ya mastahili ya Yesu Kristo.

Na dhambi ya asili ni nini? Si kosa alilotenda mtoto, wala si uchafu wa tendo lililomleta duniani. Ni hali ya kukosa neema ambayo Adamu aliipoteza, yeye na uzao wake. Mtoto akizaliwa katika nyumba ambayo babu aliuza shamba lote, hakuuza yeye, wala wazazi wake hawakukosea kumzaa. Lakini shamba halipo.

Wazo la kulaumu tendo la ndoa ni la zamani. Katika karne ya 12 hata Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, mpenzi mkubwa wa Maria, aliipinga sikukuu hii, na sababu yake moja ilikuwa hiyo: aliona vigumu utakatifu uwepo palipo na tamaa ya mwili. Mwaka 1661 Papa Alexander VII alieleza kwamba sikukuu yahusu roho ya Maria ilipoumbwa na kutiwa mwilini. Basi hakuna aliyeihukumu ndoa ya Yoakimu na Anna.

Je, Maria hakuhitaji Mwokozi?

Jirani wa dhehebu lingine aweza kuwauliza hivyo, akiwaonyesha kwamba wote wametenda dhambi (Rum 3:23). Msikasirike. Swali hilo liliwasumbua hata walimu wakuu kama Mtakatifu Thoma wa Akwino. Maria mwenyewe alimwita Mungu Mwokozi wake (Lk 1:47). Yohane Duns Scotus, Mfransisko aliyefariki mwaka 1308, alieleza kwamba kumzuia mtu asianguke ni kumwokoa kwa namna iliyo kamili zaidi. Wahenga wetu husema kinga ni bora kuliko tiba. Mtoto aliyechanjwa asipatwe na surua, na yule aliyeugua akatibiwa, wote wawili wamesaidiwa na mganga. Kristo ni mmoja: kwa Maria alikuwa kinga, kwetu ni tiba. Ndiyo maana hatusemi alijikinga, twasema alikingiwa.

Yawahusu nini ninyi?

Kwanza, wapo wanandoa wanaobaki kwenye benchi wakati wa Komunyo kwa sababu usiku walikutana kama mume na mke. Wengine hawasemi sababu. Mke humkwepa mumewe kila Jumamosi, naye mume huanza kuona Kanisa ni mshindani wake. Mzigo huo hamkutwikwa na Kanisa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yadai kufunga chakula na kinywaji kwa saa moja kabla ya Komunyo, isipokuwa maji na dawa. Tendo la ndoa halitajwi hapo. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba matendo ambayo wanandoa huunganika kwayo ni mema na yenye heshima. Mkipatana kujinyima kwa muda ili msali, ni vyema (1 Kor 7:5), ila iwe kwa kupatana wala si kwa aibu. La kuungama ni kama mmoja amemlazimisha mwenzake, au ametoka nje ya ndoa.

Pili, tiba ya dhambi ya asili ni Ubatizo. Kanisa lawataka wazazi wambatize mtoto katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Msingoje mpaka fedha za karamu zipatikane.

Tatu, msiitumie sifa ya Maria kuwa fimbo ya kumchapia mwenzenu. Mungu alianza kazi yake kuu katika nyumba ya mume na mke.

Ya kuzungumza nyumbani

1. Je, kuna mmoja wetu anayeona haya kupokea Komunyo kwa sababu ya ndoa yetu? Alifundishwa na nani?
2. Mtoto wetu akiuliza maana ya Maria Mkingiwa, tutamjibu nini kwa maneno yetu?
3. Je, watoto wetu wote wamebatizwa? Kama bado, twangoja nini?