Andika Wasifukazi Unaojibu Tangazo la Kazi

Nafasi ya kazi inapotangazwa, mchujo wa kwanza hufanywa kwenye karatasi. Maafisa wanaoandaa orodha ya watakaoitwa kwenye mahojiano hawakujui wala hawajakuona ukifanya kazi. Huweka tangazo upande mmoja na wasifukazi wako, yaani CV, upande wa pili, kisha hutafuta sifa moja baada ya nyingine. Sifa usiyoiandika huhesabiwa kuwa huna. Ndivyo mkazi aliyehitimu anavyoachwa nje huku jirani yake mwenye cheti kama chake akiitwa.

Tuchukue mfano wa nafasi ya mwalimu wa chekechea, kwa kuwa Katiba ya 2010 iliweka elimu hiyo chini ya serikali za kaunti.

1. Soma tangazo ukiwa na kalamu

Piga mstari chini ya kila sharti. Tuseme tangazo linataka raia wa Kenya, mwenye cheti cha elimu ya chekechea, aliyesajiliwa na TSC na anayeweza kushirikiana na wazazi. Hayo ni maswali manne. Wasifukazi wako uyajibu yote manne, na majibu yaonekane bila kutafutwa.

2. Fuata mpangilio ulio wazi

Kurasa mbili zinatosha. Panga hivi:

- Maelezo binafsi: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya simu inayopatikana, anwani na barua pepe. Kama umesajiliwa kuwa mtu mwenye ulemavu, taja.
- Elimu na usajili: anza na cheti cha karibuni zaidi. Andika taasisi, mwaka, gredi na nambari ya usajili wa TSC.
- Uzoefu wa kazi: anza na kazi ya sasa au ya mwisho.
- Ujuzi mwingine: lugha, kompyuta, huduma ya kwanza.
- Warejelewa: watu watatu wanaoijua kazi yako. Waombe ruhusa kwanza, wasije wakashtukia simu.

3. Eleza ulichofanya, usitaje cheo tu

Linganisha sentensi hizi mbili:

"Nilikuwa mwalimu wa chekechea."

"Nilifundisha watoto 32 wa PP1 kwa mihula mitatu, nikatengeneza vifaa vya kufundishia na kukutana na wazazi kila muhula."

Ya kwanza ni kweli, lakini haimsaidii afisa. Ya pili inamwonyesha idadi, muda na kazi yenyewe, tena inajibu sharti la wazazi.

4. Usiseme huna uzoefu

Vijana wengi huacha sehemu hii wazi kwa sababu hawajawahi kupokea mshahara. Mazoezi ya kufundisha uliyofanya chuoni ni uzoefu. Kujitolea kufundisha watoto kanisani au madrasa ni uzoefu. Kama ulikuwa mweka hazina wa chama, andika idadi ya wanachama, daftari ulizotunza na mara ngapi ulisoma hesabu mbele yao. Nawe fundi uliyejifunza kazi kwa mikono bila kwenda chuo, unaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia Gredi ya III, upate cheti cha kuonyesha.

5. Andika ukweli

Vyeti hukaguliwa, hata baada ya mtu kuajiriwa. Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi katika taasisi za umma ulikuwa umefichua zaidi ya vyeti ghushi 2,000. Kazi iliyopatikana kwa uongo inaweza kupotea na kumfikisha mtu mahakamani.

6. Kagua kabla ya kutuma

Ukichapiwa kwenye saiba, soma kila mstari kabla ya kulipa. Tarakimu moja ya simu ikikosewa, hutapatikana hata ukichaguliwa. Usikubali pia kupewa wasifukazi wa mtu mwingine uliobadilishwa jina tu. Maelezo yake hayajibu tangazo lako. Hakikisha umeandika nambari ya nafasi, umeambatisha stakabadhi zote zilizotakiwa na umetuma kabla ya siku ya mwisho. Baki na nakala yako, kwani ukiitwa utaulizwa kuhusu yale uliyoyaandika.

Mwisho, mtu akikudai pesa ili jina lako liingie kwenye orodha, usilipe. Piga ripoti kwa polisi au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC). Kushawishi maafisa kwa namna yoyote pia humwondoa mwombaji kwenye kinyang'anyiro.

Tangazo lijalo likitoka, usikimbilie kutuma wasifukazi wa mwaka jana. Chukua kalamu, anza na hatua ya kwanza.