SOMO: VIZUIZI VYA WIZI KATIKA GARI LA CHAMA, NA NAMNA YA KUVITAMBUA

Gari ni mali ya namna ya peke yake katika vitabu vya chama cha ushirika. Ghala halihami, mizani haikimbii, wala shamba la zabibu haliwezi kupakiwa usiku likapelekwa mkoa mwingine. Gari limeundwa ili liondoke, na yule anayelipeleka soko la Kibaigwa kwa kazi ya wanachama hutumia usukani uleule ambao mwizi naye angeutumia. Kwa wakulima wa Hombolo au Mvumi, ambao zabibu zao huvunwa mara mbili kwa mwaka na zikishakatwa haziwezi kungoja siku nyingi, lori likiibwa wiki ya mavuno hasara haiishii kwenye lori. Mkopo huendelea kudai, mazao huoza, na mnunuzi wa njiani hununua kwa bei aitakayo yeye.

Hata hivyo, ni kawaida kukuta rejesta ya mali ikiwa na maneno haya tu: "Gari 1, lina alamu." Maneno hayo hayamsaidii mwanachama wala mkaguzi. Kifaa cha kupiga kelele si sawa na kifaa cha kuzuia injini, na hivyo viwili si sawa na kifaa cha kuonyesha gari lilipo. Katibu hahitaji kuwa fundi ili ajue tofauti zake. Anahitaji saa moja tu uani pa chama, akiwa na dereva na funguo zote za gari.

Kizuizi cha kwanza, na cha zamani kuliko vingine vilivyomo katika magari mengi, ni kufuli la usukani. Ufunguo ukichomolewa na usukani ukazungushwa kidogo, kipande cha chuma huchomoza na kuingia katika tundu la mhimili wa usukani. Tangu hapo gari laweza kuwashwa kwa kuunganisha nyaya, lakini halitakata kona. Kulitambua ni rahisi: chomoa ufunguo, zungusha usukani, usikilize mlio wa chuma kikikaza. Usukani ukizunguka bila kukaza, ama kufuli halipo, ama limekufa. Katika magari makuukuu swichi huwa imelika hata ikakubali ufunguo wowote, au bisibisi. Na pale ambapo fundi wa barabarani ameing'oa swichi na kuweka ya kubonyeza, mara nyingi kufuli nalo limekwenda pamoja nayo. Dereva asizoeshwe kuchomoa ufunguo gari likiwa bado linatembea, maana usukani waweza kukaza njiani.

Kizuizi cha pili ndicho muhimu kuliko vyote, nacho hakionekani. Mafundi hukiita imobilaiza. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo mna chipu ndogo isiyohitaji betri. Kuzunguka tundu la swichi kuna koili ya waya. Ufunguo unapoingizwa, koili huiamsha chipu, nayo chipu hutoa namba yake ya siri. Kontroli boksi ya injini hulinganisha namba hiyo na ile iliyohifadhiwa. Zikikubaliana, injini hupata mafuta na moto. Zisipokubaliana, injini hukataa kuwaka, au huwaka kwa sekunde moja mbili kisha ikazimika. Mwizi aliyevunja kufuli la usukani na kuunganisha nyaya za swichi bado hajapata kitu, maana hana ile namba.

Nchi za Umoja wa Ulaya ziliagiza kifaa hiki kiwekwe katika magari madogo yote mapya kuanzia Oktoba 1998. Australia ikafuata mwaka 2001 na Kanada mwaka 2007. Marekani haikuweka sharti kama hilo, na funzo lake limeonekana hivi karibuni. Baadhi ya magari ya Kia na Hyundai yaliyouzwa huko, ya matoleo ya kati ya 2011 na 2021 yenye ufunguo wa kawaida, hayakuwa na imobilaiza. Vijana wakajifunza kwa picha za video namna ya kuivunja swichi na kuondoka nayo, na wizi wa magari hayo ukapanda sana katika miji mingi tangu mwaka 2021. Mwezi Februari 2023 kampuni hizo zilianza kutoa programu ya kurekebisha kasoro hiyo bila malipo. Magari hayo yalikuwa mapya, yenye milango ya kufungwa kwa rimoti. Upya wa gari, basi, si ushahidi.

Je, katibu atajuaje kama gari la chama lina imobilaiza? Muuzaji atasema ndiyo. Hilo si jibu. Katika magari mengi ya Toyota kuna taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi inayometameta ufunguo ukiwa umechomolewa, na kuzimika ufunguo sahihi ukiingizwa. Taa hiyo ni dalili nzuri, ingawa alamu za kufungwa dukani nazo zina taa inayofanana nayo. Jaribio la kuaminika zaidi ni hili. Mwambie fundi wa funguo akuchongee ufunguo wa chuma kitupu, usio na chipu. Utazungusha swichi, lakini kama imobilaiza ipo injini haitaendelea kuwaka. Asiyetaka kugharamia ufunguo wa jaribio afunge kichwa cha ufunguo wake kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni, kwa tabaka kadhaa, ili chipu isisomwe. Funguo nyingine za gari hilo zikae mbali, kwa sababu zikiwa kwenye pete moja koili itasoma chipu ya jirani na jaribio litadanganya. Injini ikiwaka na kuendelea kunguruma, huenda karatasi haikuziba vizuri, basi rudia kwa ufunguo usio na chipu kabla ya kuandika "hakuna."

Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani, hasa malori ya zamani, hayakuwekewa kifaa hiki kiwandani. Hapo chama kitafute kinga nyingine: swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya mafuta, swichi ya kutenga betri, kufuli la nje la usukani. Lakini ijulikane ni injini ya aina gani. Landrover kuukuu ya dizeli, ambayo huzimwa kwa kuvuta waya wa chuma unaofunga mafuta, haihitaji umeme ili iendelee kunguruma. Watu wanne wakiisukuma mteremkoni, itawaka hata kama betri imetengwa. Dizeli zilizokuja baadaye zina valvu ya umeme kwenye pampu. Hizo ndizo swichi ya siri huzifaa. Chama kilichotumia fedha za wanachama kufunga swichi ya betri kwenye gari la aina ya kwanza kimenunua kinga ya taa na honi tu.

Jambo la funguo lataka kusemwa kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo vyama vingi vinapolegea. Imobilaiza humzuia asiye na ufunguo. Haimzuii mwenye nao. Gari huja na funguo mbili au zaidi. Katika Toyota za miaka ya nyuma, kwa mfano, kulikuwa na ufunguo mkuu, wenye kichwa cheusi, na ufunguo mdogo wa kijivu. Zote mbili huwasha injini, lakini mkuu peke yake ndio unaoweza kusajili ufunguo mwingine. Dereva atumie ule mdogo. Ule mkuu ukae katika kasha la fedha la chama, uandikwe katika rejesta, na kutoka kwake kusainiwe na watu wawili. Funguo kuu zikipotea zote, fundi atalazimika kuifungua kontroli boksi na kuiandika upya, au kuibadilisha, na gari litasimama huku mavuno yakingoja. Dereva anapoacha kazi, haitoshi kumnyang'anya ufunguo: fundi wa umeme wa magari afute funguo zisizojulikana katika kumbukumbu ya gari. Gharama ya kazi hiyo haifiki hata sehemu ndogo ya thamani ya lori.

Kwa magari ya kuwashwa kwa kubonyeza, ambayo ufunguo wake hukaa mfukoni, kuna hatari ya pekee. Wezi wawili wenye vifaa vya redio huweza kuidaka sauti ya ufunguo ulioko ndani ya nyumba na kuipeleka hadi kwenye gari, nalo likadhani mwenyewe yupo. Ufunguo wa namna hiyo usiku uwekwe ndani ya kopo la bati lenye kifuniko.

Alamu haihitaji maneno mengi. Hulia mlango ukifunguliwa au gari likitikiswa, na faida yake huishia pale ambapo hakuna mlinzi wa kuisikia.

Kifaa cha kufuatilia gari kimekuwa cha kawaida. Mabasi ya masafa marefu hufungwa kifaa cha namna hiyo kwa masharti ya LATRA, ingawa huko nia kubwa ni kudhibiti mwendo. Kifaa hufanya kazi mbili zilizo mbalimbali: hupokea ishara za setilaiti na kujua mahali kilipo, kisha hutuma habari hiyo kwa laini ya simu. Laini isipolipiwa, kifaa kinajua lakini hakisemi. Palipo na uhaba wa mtandao, vifaa vingi huhifadhi kumbukumbu na kuzituma gari linapofika penye mtandao. Nguvu yake ilionekana mwaka 2015: gari aina ya Lexus lililoibwa London lilionekana likipita Ufaransa na Oman hadi Afrika Mashariki, na polisi wakalikuta Uganda pamoja na magari mengine ya wizi. Katibu aulize nani ana neno la siri la kifaa cha chama. Likiwa kwa dereva peke yake, kifaa kinamwangalia anayekiangalia. Na pale kifaa kinapoweza kuzima injini kwa simu, amri hiyo isitolewe gari likiwa mwendoni. Katika miteremko ya Kondoa, injini ikizimika usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake.

Zipo pia alama zisizozuia wizi bali huthibitisha mali ni ya nani. Magari ya nchi nyingi yana namba ya utambulisho ya tarakimu na herufi 17, ambayo haitumii kamwe herufi I, O wala Q. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba hiyo ndefu. Yana namba ya chesisi inayoanza kwa alama za aina ya gari, kistari, kisha namba ya mfuatano. Chama kinachonunua gari lililotumika kiisome namba hiyo kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibao tu, na kuilinganisha na kadi ya usajili ya TRA, pamoja na namba ya injini. Rangi mpya mahali pamoja, alama za kukwangua, tarakimu zisizolingana umbo, au mshono wa kuchomelea karibu na namba ni sababu ya kutolipa siku hiyo. Anayenunua gari la wizi hupoteza gari na fedha pia. Namba za usajili zichorwe kwenye vioo vyote, na kwenye vioo vya pembeni pia, ambavyo mijini huibwa kuliko gari zima.

Bima ndogo haifidii gari lililoibwa. Hufidia madhara kwa watu wengine. Kwa bima kubwa, kampuni huuliza ripoti ya polisi, kadi ya usajili na funguo zote. Kwa hiyo gari likiibwa, taarifa iende kituo cha polisi saa hiyohiyo na namba ya RB ichukuliwe, mwenye neno la siri asome mahali gari lilipo na kuwaachia polisi kazi ya kulifuata, kisha kampuni ya bima iandikiwe.

Katika rejesta ya mali, maelezo ya gari yaweza kuandikwa hivi: "Kufuli la usukani: linakaza. Imobilaiza: hakuna, limejaribiwa kwa ufunguo usio na chipu. Swichi ya siri ya valvu ya dizeli: ipo, inajulikana na Mwenyekiti, Katibu na dereva. Kifuniko cha tangi: kina kufuli. Kifaa cha kufuatilia: kipo, laini imelipiwa hadi mwisho wa msimu. Funguo: mbili, mmoja kwa dereva, mmoja kashani. Namba ya chesisi: imesomwa kwenye fremu, inalingana na kadi." Chini yake tarehe, na saini za waliolikagua.