Majani na Maua ya Mrehani na Kivumbasi katika Matumizi ya Nyumbani

Mrehani na kivumbasi ni mimea ya jamii moja na mnanaa, na harufu yake hutokana na mafuta mepesi yaliyomo katika vifuko vidogo mno juu ya jani, ambavyo hupasuka kwa kuguswa, kwa jua kali au kwa moto. Matumizi yote ya mimea hii nyumbani hutegemea jambo hilo moja, kwani anayeyahifadhi mafuta hayo mpaka yatakapohitajika ndiye anayenufaika.

Majani huchumwa asubuhi, umande ukishakauka na jua likiwa bado halijawa kali, tena kabla mashada ya maua hayajachanua yote, kwa kuwa mmea unaojishughulisha na maua na mbegu hupunguza kutoa majani. Mashada yakikatwa mapema, vichipukizi vipya hutokea ubavuni. Hata hivyo inafaa kubakiza mashina machache yachanue, ili nyuki wapate chakula na mwenye bustani apate mbegu za kupanda tena.

Katika miji ya mwambao, vijitawi vya mrehani hufungwa pamoja na asumini na maua mengine kuwa kikuba, yaani kifungu kidogo cha maua na majani ya kunukia ambacho mwanamke hukibandika kwenye nguo au nywele zake. Kwa kuwa majani mabichi hunyauka upesi, kikuba hutengenezwa karibu na wakati wa kuvaliwa, na vijitawi husubiri ndani ya chombo chenye maji, mahali penye kivuli.

Kivumbasi, ambacho harufu yake ni kali zaidi, aghalabu kina yujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Matawi mabichi hutundikwa dirishani, au majani hutiwa juu ya makaa jioni ili kufukuza mbu. Ufukizaji huo unapaswa kufanywa kabla ya watu kuingia kulala, kisha chumba kipitishwe hewa, kwa sababu moshi hudhuru mapafu, hasa ya watoto. Wala hauondoi haja ya chandarua, kwa maana hupunguza mbu bila kuwamaliza.

Majani ya akiba hukaushwa kivulini, katika vifungu vyembamba vinavyopitisha hewa, kwani jua huondoa mafuta pamoja na maji. Yakikauka, huhifadhiwa katika chombo chenye kifuniko, na wakulima wengine huyachanganya na maharagwe au mahindi yaliyokauka vizuri ili kuwazuia fukusi, ambao ni wadudu wanaotoboa nafaka ghalani.

Kipimo cha ubora wa majani ya akiba ni kuyafikicha kwa vidole: yakinukia, bado yana kazi, yasiponukia, mafuta yamekwisha, hivyo yapelekwe kwenye shimo la mboji na mapya yachumwe.